Mazishi, masuke na makaa: siku nane nikiwafuata wanauhalisia wa Ufaransa

Siku ya 1: Paris

Zuhura alinipokea jana usiku uwanja wa ndege akiwa bado na sare ya kazi. Alitoka zamu hospitalini akapitiliza moja kwa moja. "Shikamoo shangazi," akanikumbatia, na begi akaninyang'anya. Ni binti wa kaka yangu mkubwa, na huu ni mwaka wake wa saba Ufaransa. Amechukua likizo ili awe ulimi wangu, maana Kifaransa changu ni cha kusoma polepole, kamusi ikiwa pembeni.

Kwa miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya kidato cha tano na cha sita nikiandika ubaoni sentensi ileile: "Uhalisia ni mtindo wa kusawiri maisha kama yalivyo." Wanafunzi wananakili, wanaitoa kwenye mtihani, wanapata alama zao. Nimekuja kuona ilikotoka.

Makumbusho ya Orsay yalikuwa stesheni ya treni, iliyofunguliwa mwaka 1900. Saa kubwa ya abiria bado inaning'inia ukutani. Tuliingia tukaenda moja kwa moja kwenye picha ya Gustave Courbet, "Mazishi ya Ornans", aliyoichora mwaka 1849 na 1850. Nilikuwa nimeiona mara nyingi kwenye vitabu, ikiwa na ukubwa wa kiganja. Ukutani ina mita 3.15 kwenda juu na mita 6.68 kwa upana. Nilirudi nyuma hatua kadhaa bila kuamua.

Watu zaidi ya 40, kila mmoja kwa kimo chake cha kweli, wamejipanga kama waombolezaji wanaosubiri zamu ya kutupa udongo. Padri anasoma. Wanawake wameshika leso nyeupe usoni. Wazee wawili wamevaa soksi ndefu na makoti ya zama za Mapinduzi. Watumishi wa kanisa wamevaa joho jekundu, na pua zao nazo nyekundu. Mbwa anatazama pembeni kabisa, hana habari. Mchimba kaburi amepiga goti akingoja wamalize ili afanye kazi yake. Shimo lenyewe liko mbele katikati, limekatwa na ukingo wa chini wa picha, kiasi kwamba ukisogea unahisi udongo uko miguuni pako. Hakuna malaika, hakuna mbingu iliyofunguka. Kinachovuka mstari wa vilima ni msalaba peke yake.

"Nani amekufa, shangazi?" Zuhura akauliza. Jina halimo popote kwenye picha, na wataalamu hadi leo hawajaafikiana.

Watu wa Paris walipoiona kwenye maonyesho makuu ya 1850 na 1851 walikasirika. Walisema hawa watu wabaya wa sura, wachafu, wamechorwa ili kutukana. Nikiwa nimesimama pale nilielewa kwamba sura hazikuwa shida. Picha ya kijiji ilikuwa na nafasi yake katika sanaa ya Ufaransa: ndogo, ya kutundikwa chumba cha kulia, yenye wakulima wanaocheza ngoma. Ukubwa huu ulikuwa wa wafalme, vita na watakatifu. Courbet aliuchukua akawapa watu wa mji wake mdogo, na akaandikisha kazi yake kwenye orodha ya maonyesho kama picha ya kihistoria. Na tukumbuke mwaka wenyewe. Februari 1848 mfalme alikuwa ameangushwa, na wanaume wote wakapewa kura, mkulima na wakili sawasawa. Mwezi wa Desemba kura za vijijini zikamweka Louis-Napoléon Bonaparte kwenye urais. Watu wa mjini walikuwa wameanza kuwahesabu watu wa shamba, na sasa wakakuta wamesimama mbele yao kwa kimo kamili, wakiwatazama.

Sentensi yangu ya ubaoni haisemi lolote juu ya ukubwa. Kama mazishi haya yangechorwa kwa ukweli uleule kwenye kibao cha sentimita thelathini, nani angepiga kelele? Nikaandika neno moja kwenye daftari: kipimo.

Jioni, tukiwa tunatafuta njia ya kutoka, Zuhura alinishika mkono mbele ya "Olympia" ya Édouard Manet, ya mwaka 1863. Wote humtazama mwanamke mweupe aliyelala kitandani. Zuhura alikuwa anamtazama mwanamke mweusi aliyesimama nyuma na shada la maua kwenye karatasi. Aliitwa Laure. Manet aliandika kwenye daftari lake jina hilo na anwani: mtaa wa Vintimille namba 11, ghorofa ya tatu. Kwa zaidi ya miaka mia moja walioandika juu ya picha hii walimwita mtumishi, basi. Mwaka 2019 makumbusho haya yalifanya maonyesho juu ya watu weusi waliokaa mbele ya wachoraji wa Ufaransa, na majina yakarudishwa kadiri yalivyopatikana. Nilichukia kidogo. Mchoraji alijua mpaka ghorofa anayokaa.

Siku ya 2: Chailly na Barbizon

Treni hadi Melun, halafu teksi. Uwanda wa Chailly uko wazi kama meza. Ngano imevunwa zamani, udongo umeshapinduliwa, kunguru wanatembea kwenye matuta.

Jana Orsay tulisimama pia mbele ya "Waokota Masazo" ya Jean-François Millet, ya 1857. Hii ni ndogo, sentimita 83 kwa 110 hivi. Wanawake watatu, wawili wameinama kabisa, wa tatu ameinama nusu, wanaokota masuke yaliyoachwa na wavunaji. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hahitaji maelezo hapa: ni Ruthu huyu, kondeni, akiokota masazo ya masuke. Millet, mtoto wa mkulima kutoka kijiji cha Gruchy kando ya bahari ya Normandy, alimjua Ruthu vizuri. Miaka michache kabla alikuwa amemchora yeye na Boazi, katikati ya wavunaji waliopumzika.

Lakini hapa Boazi hayupo. Yupo msimamizi juu ya farasi, mbali, kulia, mdogo kama inzi. Nyuma kuna marundo makubwa ya ngano na mkokoteni uliojaa. Utajiri wote uko kule kwenye mwanga, na wanawake wako huku kwenye kivuli, na kati yao ni ardhi tupu. Mhakiki mmoja wa gazeti aliandika kwamba nyuma ya waokotaji hawa anaona mikuki ya maandamano na majukwaa ya kunyongea ya 1793, wakati wa Mapinduzi. Wanawake watatu wanaokota masuke, na mtu anaona mapinduzi! Basi alikuwa ameisoma picha vizuri kuliko wengi walioipenda.

Millet alihamia Barbizon na familia mwaka 1849, akaishi hapa hadi alipofariki Januari 1875. Nyumba yake bado ipo, chumba cha kuchorea kina dirisha kubwa na dari ya chini. Alichorea ndani humu, kwa kumbukumbu, akiwa amekwisha kutembea shambani. Nyuso za waokotaji karibu hazionekani. Hilo lilinisumbua asubuhi na jioni halikunisumbua tena. Mtu aliyeinama kutwa nzima hutambuliwa kwa mgongo.

Habari moja ya fedha. "Sala ya Jioni" ya Millet, picha ndogo ya mume na mke waliosimama shambani kengele ikilia, iliuzwa mnadani mwaka 1889 kwa faranga 553,000. Mchoraji alikuwa kaburini miaka 14. Kelele juu ya mauzo kama hayo ndizo zilizosaidia Ufaransa kupitisha sheria ya 1920 inayompa msanii au warithi wake sehemu ya fedha kila kazi inapouzwa tena. Tulipita makaburini Chailly. Amelala kando ya rafiki yake, mchoraji Théodore Rousseau.

Siku ya 3: Ornans

Treni ya kasi hadi Besançon, kisha basi linaloshuka kona baada ya kona hadi bonde la mto Loue. Nyumba za Ornans zimejengwa mpaka juu ya maji, nyingine zinaning'inia. Juu ya mji kuna majabali meupe. Zuhura ndiye aliyeyatambua kwanza. "Shangazi, ni yale yale." Kweli, ndiyo yaliyo nyuma ya waombolezaji kwenye picha. Nilishikwa na furaha ya kitoto.

Courbet alizaliwa hapa tarehe 10 Juni 1819, mtoto wa mwenye mashamba, na makumbusho yake yako kando ya mto. Nimesoma barua aliyomwandikia rafiki yake Champfleury akiwa katikati ya kuchora mazishi. Anawataja waliokwisha kuja kukaa: meya, ambaye anasema ana uzito wa ratili 400, padri, hakimu, mbeba msalaba, baba yake, mchimba kaburi, wazee wawili wa 1793 na nguo zao za wakati ule, mbwa, na mtumishi wa kanisa mwenye pua kama tunda la cheri. Kila mtu mjini alitaka kuwemo. Mama yake na dada zake wamo. Babu yake mzaa mama, mzee Oudot, yumo pia, ingawa alikuwa amekufa Agosti 1848. Ni mfu anayehudhuria mazishi.

Kwa hiyo tukio hili halikutokea kama lilivyochorwa. Watu waliingia mmoja mmoja kwenye chumba chembamba ambacho mchoraji hakuweza hata kurudi nyuma kuona kazi yake nzima, wakasimama, wakachorwa, wakaenda zao. Aliwapanga mwenyewe. Na picha ilipokamilika, kabla ya Paris, ilionyeshwa Ornans kwanza, kwa wenyewe.

Nimekaa kwenye benchi kando ya mto nikiwaza hili hadi Zuhura akaja na mkate na jibini. Ninavyowafundisha wanafunzi, mwanauhalisia anashika kioo tu, na maisha yanajitokeza. Courbet hakushika kioo. Alialika watu, akawapokea, akawatazama kila mmoja kwa siku yake, kisha akatafuta njia ya kuwaunganisha bila kumfanya yeyote kuwa mkubwa kuliko mwenzake. Ndiyo maana mstari hauna kilele. Jicho linatembea kutoka kushoto hadi kulia likitafuta mheshimiwa, halimpati.

Siku ya 4: Ornans bado

Leo tumetembea barabara ya bonde. Ni barabara kama hii, mwaka 1849, Courbet akiwa kwenye gari la farasi kwenda kuchora mandhari, alipowakuta wanaume wawili wakigonga kokoto za kutengenezea njia. Akasimamisha gari. Akawaomba waje chumbani kwake kesho yake. Kwenye barua anaeleza alichokiona: mzee wa miaka sabini, ameinama juu ya nyundo, suruali ina viraka, viatu vya mbao, soksi zilizokuwa za buluu zimetoboka visigino vinaonekana, na kijana mwenye kichwa kilichojaa vumbi, shati limechanika, ameinua kapu la kokoto. Mzee amepitwa na umri wa kazi hii, kijana hajaufikia. Nyuso za wote wawili zimefichwa.

Hatutaiona picha hiyo. Ilihifadhiwa Dresden, ikateketea mwezi wa Februari 1945 pamoja na nyingine zaidi ya mia, gari lililozibeba liliposhambuliwa kwa mabomu. Zimebaki picha za kamera na maelezo. Nimejikuta nikiwaombolezea watu wawili ambao hata bila vita wangekuwa wamekufa zamani.

Courbet mwenyewe aliishia vibaya. Mwaka 1871 alijiunga na Komuni ya Paris, serikali ya watu wa mji walioasi. Wakati huo mnara wa Vendôme, wa sifa za Napoléon, uliangushwa. Komuni iliposhindwa akafungwa, na baadaye akatakiwa kulipa gharama za kuusimamisha upya: faranga 323,091, kwa awamu ya 10,000 kila mwaka. Alikuwa ameshakimbilia Uswisi. Alikufa tarehe 31 Desemba 1877, siku moja kabla ya awamu ya kwanza. Mwaka 1919 mabaki yake yaliletwa nyumbani. Tumesimama kaburini kwake, mimi na Zuhura, chini ya majabali yale, na mtu mwingine hakuwepo.

Siku ya 5: Njiani

Mvua kutwa. Treni, chai, treni. Nimeirudia Madame Bovary, riwaya ya Gustave Flaubert.

Siku ya 6: Rouen

Gustave Flaubert alizaliwa hapa mwaka 1821 ndani ya hospitali. Baba yake alikuwa daktari mkuu wa upasuaji wa Hôtel-Dieu, na familia iliishi ubavuni mwa jengo. Zuhura alipenda sana habari hiyo. Alitazama madirisha akasema mtoto anayekulia hospitali hujifunza kutazama bila kupiga kelele. Mhakiki Sainte-Beuve alisema karibu hilohilo mwaka 1857: kwamba Flaubert anashika kalamu kama wengine wanavyoshika kisu cha upasuaji.

Baadaye tukafuata mto Seine hadi Croisset. Nyumba alimoandikia ilibomolewa baada ya kifo chake mwaka 1880. Kimesalia kibanda kimoja cha bustanini, na mbele yake sasa ni barabara na maghala. Hapa Croisset ndipo alipokaa karibu miaka mitano, kuanzia 1851, akiandika habari za mke wa daktari wa kijijini anayekopa, anayezini na anayekunywa sumu. Alizisoma sentensi zake kwa sauti kubwa, akipiga kelele mpaka asikie inapochechemea. Riwaya ilitoka gazetini mwishoni mwa 1856. Januari 1857 serikali ikamfikisha mahakamani kwa kuchafua maadili. Februari akaachiwa huru.

Na huyu ndiye anayetajwa kila mahali kuwa baba wa riwaya ya uhalisia. Lakini mwaka 1856, kwenye barua, aliandika kwamba watu wanadhani anaupenda uhalisi ilhali anauchukia, na kwamba riwaya hii aliianza kwa chuki dhidi ya uhalisia. Niwaambie nini wanafunzi wangu?

Nitawasomea maonyesho ya kilimo. Kwenye sura hiyo Emma Bovary na Rodolphe wamekaa ghorofani, mwanamume anamtongoza. Chini uwanjani viongozi wanagawa zawadi za nguruwe na samadi, na maneno ya juu na ya chini yanakatizana. Wasomaji hukumbuka hilo kwa sababu linachekesha. Mimi nimekumbushwa leo kinachofuata. Anaitwa kikongwe, Catherine Leroux, kupokea nishani ya fedha yenye thamani ya faranga 25 kwa kutumika shamba moja miaka 54. Anaogopa kupanda jukwaani. Flaubert anaacha kila kitu anaitazama mikono yake: vumbi la maghala, magadi ya kufulia na mafuta ya sufu ya kondoo vimeikausha na kuikwaruza hadi inaonekana michafu ingawa imesuuzwa kwa maji safi, na kwa kutumika sana imebaki nusu wazi, kana kwamba inatoa ushahidi yenyewe. Baada ya aya hiyo kikongwe anasema nishani atampa padri amsomee misa, na haonekani tena kitabuni.

Aya moja tu. Anayeuchukia uhalisia ndiye aliyeiandika, na sijui mikono mingine katika fasihi yote inayonikaa moyoni namna hii.

Siku ya 7: Goutte-d'Or na Médan

Asubuhi Zuhura alitaka kununua mihogo na bamia Château Rouge, soko la Waafrika wa Paris, na hapo hapo ni jirani na mtaa wa Goutte-d'Or. Ni mtaa wa L'Assommoir, riwaya ya Émile Zola ya 1877. Kuna kiwanja kidogo kilichopewa jina la riwaya hiyo, karibu na pale alipoliweka dobi la wanawake, ambako Gervaise na Virginie wanapigana kwa ndoo za maji. Tulipita na mifuko yetu. Kilingala kila upande.

Gervaise ni mfuaji. Ndoto yake anaitaja mapema: afanye kazi kwa utulivu, ale mkate kila siku, awe na kona safi ya kulala, alee watoto, asipigwe, afe kitandani kwake. Anafia kwenye upenyo chini ya ngazi.

Alasiri tukaenda Médan, kando ya Seine, kwenye nyumba aliyoinunua Zola mwaka 1878 kwa faranga 9,000 kutokana na mauzo ya kitabu hicho cha mfuaji. Aliongeza minara miwili vitabu vilipomlipa, yenye majina ya riwaya zake; mmoja unaitwa Nana, mwingine Germinal. Juu ya sehemu ya moto chumbani kwake yapo maneno ya Kilatini: isipite siku bila mstari. Treni zinapita nyuma ya bustani. Hapa waandishi vijana walikuja kula na kubishana, na mwaka 1880 wakatoa pamoja mkusanyiko wa hadithi za vita uliomtambulisha Guy de Maupassant.

Mwaka huohuo Zola alieleza nadharia ya kile alichokiita unaturalisti, ambacho vitabu vyetu huita uasilia. Alichukua kitabu cha daktari Claude Bernard juu ya majaribio ya kitabibu, cha 1865, akasema mwandishi naye afanye hivyo: amchukue mtu mwenye damu fulani ya ukoo, amweke kwenye mazingira fulani, aangalie kitakachotokea. Riwaya 20 za familia moja, kuanzia 1871 hadi 1893, zimejengwa juu ya wazo hilo la kurithi ulevi na wazimu.

Tulilizungumza njia nzima ya kurudi. Zuhura ameisoma L'Assommoir kwa Kifaransa, na anaisoma kama muuguzi. "Shangazi, sioni damu ya ukoo hapo. Mume ni fundi wa bati, ameanguka kutoka juu ya paa. Mke hakutaka alazwe hospitali, akamuuguza nyumbani, akiba yote ya duka ikaisha. Hakuna bima. Mengine yote yanaanzia pale." Nimekosa la kumpinga. Naona nadharia ya Zola imekufa, na imekufa kwa haki. Kilichobaki hai ni kwamba alijua bati linavyokatwa, pasi inavyopashwa moto, na faranga 500 za kufungulia duka zilikopwa kwa nani.

Siku ya 8: Lewarde

Treni ya alfajiri hadi Douai, basi hadi Lewarde. Mgodi wa Delloye ulifungwa mwaka 1971, sasa ni makumbusho ya makaa ya mawe. Eneo lote hili limejaa vilima vyeusi vya kifusi vilivyoota nyasi. Mgodi wa mwisho wa kaskazini ulifungwa Desemba 1990.

Zola alikuja upande huu mwishoni mwa Februari 1884, wachimbaji wa Anzin walipogoma. Mbunge wa hapa alimpitisha kama katibu wake. Aliingia kwenye nyumba za wachimbaji akahesabu vitanda, akauliza wanakula nini, nani anaoga kwanza kwenye beseni na nani wa mwisho. Huko Denain alishuka shimo la Renard, mita 675. Mgomo ulidumu siku 56 ukashindwa. Germinal ilitoka mwaka uliofuata. Alipozikwa Oktoba 1902, ujumbe wa wachimbaji ulipita kwenye msafara ukipaza sauti neno moja: "Germinal! Germinal!"

Kabla ya kuingia kwenye mahandaki, ambayo yamejengwa upya kwa ajili ya wageni, unapita chumba cha kubadilishia nguo. Nguo zimevutwa juu darini kwa minyororo, makoti na suruali na viatu, zinaning'inia mamia kwa mamia bila watu. Wachimbaji wenyewe walikiita chumba cha walionyongwa. Zuhura alisimama akiwa ameinua uso na hakusema kitu. Baba yake, kaka yangu, alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite. Alishuka mashimo ya Mererani kwa miaka sita, kabla Zuhura hajaanza shule. Nyumbani hatuzungumzii miaka hiyo.

Handakini kuna sehemu ambapo mti wa kuzuia dari umewekwa, na maelezo juu ya kazi ya kuuweka. Nikamweleza Zuhura kwamba mgomo wote wa Germinal unaanzia kwenye mti huo. Kampuni inaamua kulipa kazi ya miti kando, na papo hapo inapunguza bei ya gari moja la makaa kutoka santimu 50 hadi 40. Mtu akitumia muda kuweka miti asife, anakosa mkate. Akiharakisha makaa apate mkate, dari linamwangukia. Zola hakuitunga hesabu hiyo kichwani. Aliuliza.

Kwenye treni ya kurudi Zuhura akapiga simu, akaweka spika. "Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mko wapi?"

"Tunatoka mgodini. Baba, kule Mererani mlikuwa mnashuka mita ngapi?"

Kimya kidogo. "Nani alipima? Tulihesabu ngazi."

"Ngazi ngapi?"

"Shimo la mwisho, mia na kumi na kitu. Kwani shangazi yako yupo hapo?"

"Nipo, kaka, shikamoo," nikasema, na nilikuwa nimeshafungua daftari. Nikamuuliza walikula nini. Ugali na maharage, akasema, chakula alichotoa tajiri, mwenye shimo. Mshahara? Haukuwepo, mawe yakitoka mnagawana, yasipotoka mmekula tu. Taa? Tochi, imefungwa kichwani kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Na miti ya ngazi, nani alileta?

"Tajiri. Akikawia, tulishuka kwa kamba."

Treni iliingia kwenye handaki, sauti ikakatika, ikarudi. Kaka alikuwa bado anasema. Alikuwa anataja jina la kijana aliyezoea kushuka mbele yake, ambaye siku moja ya kamba hakupanda. Nikamwomba alirudie, polepole, niliandike sawasawa.